Naomba ushauri: mazoezi ya viungo kwa vijana wa ubaharia

Mwalimu wa Viungo
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha mazoezi kwenye chuo kimoja cha ubaharia hapa Dar. Ratiba niliyoikuta ni mchakamchaka alfajiri, pushapu, na mpira Jumamosi. Vijana wana pumzi kwelikweli. Juzi nikawapeleka ufukweni, nusu ya darasa hawajui hata kuelea! Na hao ndio wanasubiri meli. Bwawa hatuna, nina saa mbili tu kwa wiki. Nianze na nini?

Serenge Mstaafu
Mpira wacheze wenyewe jioni. Saa zako mbili zipeleke majini. STCW, ule mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, inamtaka baharia aruke kutoka juu akiwa na jaketi la kuokolea, aogelee nalo, aelee bila hilo jaketi, na aligeuze boti la mpira lililopinduka. Haiulizi anakimbia kilomita ngapi, hahaha. Kuruka nako kuna namna yake: mkono mmoja unabana pua, wa pili unakandamiza jaketi lisikupige kidevuni, miguu pamoja, macho mbele. Mimi sikuambiwa. Taya iliniuma wiki nzima.

Binti Kizimkazi
Mzee Serenge kasema kweli, ila mwalimu usiwe na haraka ya kuwarusha. Anzia maji ya kiunoni, walale chali mpaka woga uwatoke. Mwenye woga hukakamaa, na aliyekakamaa hazami polepole. Waingie wawili wawili, abaki mtu nchi kavu kazi yake kuhesabu vichwa tu. Nendeni maji yakijaa, si yakitoka, mkondo usije ukawachukua. Na wasichana zungumza nao mapema habari ya mavazi. Wengi hukwepa kipindi kwa hilo tu.

Fundi wa Injini
Msisahau viganja. Ngazi ya kamba ya rubani, yule anayepanda melini kuiongoza kuingia bandarini, hufika mita 9, na meli haitulii kukusubiri. Funga kamba nene mtini wapande, halafu wavutane. Siku nyingine wabebane kwenye ngazi nyembamba, maana kumtoa mwenzio aliyezimia ndani ya tangi si kazi ya kifua kipana.

Mwalimu wa Viungo
Ahsanteni sana. Kuna mmoja hataki kabisa kugusa maji. Nimlazimishe?

Serenge Mstaafu
Usimlazimishe. Kaa naye pembeni umuulize siku aliyonusurika kuzama ilikuwa lini. Mara nyingi ipo.