Dodoma hadi Mlima Hanang na familia: tuanzie Kondoa au Singida?

Mkazi wa Kisasa
Habari zenu wadau. Shule zikifungwa mwezi wa sita nachukua likizo, na safari hii hatuendi Dar. Nataka watoto waione milima ya huku kwetu kanda ya kati: Kondoa, michoro ya kale ya miambani ya Kolo, Babati, halafu Hanang. Tutakuwa mimi, mama watoto, binti wa miaka 14, mdogo wake wa miaka 9, na baba yangu mzazi. Binti anataka kufika kileleni, nami nampeleka. Mzee magoti yanamsumbua, na sitaki ashinde anatusubiri kwenye gari kama mizigo. Gari yenyewe ni ndogo, ya chini. Tuna wiki nzima. Tuanzie upande gani?

Dereva wa Manyoni
Mkuu, zunguka, usirudi njia uliyoendea. Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni, Dodoma. Yote lami, gari yako inatosha. Singida iweke mwisho: mkitoka mlimani mmechoka mnakula kuku wa kienyeji na kutazama Ziwa Singidani na yale majabali yake, kesho yake nyumbani.

Mrangi wa Pahi
Kaka, anzia kwetu, tena mzee akae kiti cha mbele. Nitakueleza kwa nini.

Kolo ipo barabarani ukishapita Kondoa mjini kuelekea Babati. Ofisi ya Mambo ya Kale iko pale pale, mnalipa na kupewa mtu wa kuwaongoza. Msiende wenyewe. Gari yako iache hapo, maana njia ya kwenda Mungomi wa Kolo, kwenye mwamba wenye michoro, ni mawe na mchanga. Ulizieni gari ya juu au bodaboda. Mwisho kuna kipande cha kupanda kwa miguu, kifupi lakini kimesimama. Mzee asipokiweza, pale ofisini kuna makumbusho ndogo.

Mkifika kwenye mwamba, waambie watoto wasimame kimya kwanza, macho yazoee. Mtaanza kuona wekundu uliofifia, halafu mtu mwembamba mrefu, kichwa kimetuna kama ana nywele nyingi, kisha wanyama. Michoro myeupe ni ya baadaye, mingine imepita juu ya ile myekundu. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini wazee wetu hawakusubiri hao wote: matambiko ya mvua yanafanyika pale mpaka leo. Kwa hiyo msiguse, na wala msimwagie maji ili picha ing'ae. Watu wanafanya hivyo na inaniuma sana.

Sasa kuhusu mzee. Milima ya Irangi mtakayoiona ina miti, ila zamani ilikuwa makorongo matupu, ardhi nyekundu imechanika. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Babu yangu aliswaga ng'ombe wake kuwapeleka kwa shemeji yake, na hakuwahi kuisamehe serikali. Leo miti ipo. Mtu wa umri wa baba yako anazikumbuka zile habari; mwombeni awasimulie wajukuu mkiwa mnayaona makorongo yenyewe dirishani. Hapo yeye ndiye mwenyeji wa safari.

Mama Katesh
Mfikishie mzee shikamoo yangu. Hanang usiuchukulie kirahisi, una zaidi ya mita 3,400. Njia ya Jorodom inaanzia huku Katesh. Kibali mnachukua kwa watu wa misitu, TFS, siku moja kabla, pamoja na mwongozaji. Ondokeni alfajiri na tochi, kurudi ni jioni. Juu hakuna maji, kila mtu abebe ya kutwa nzima. Kuna kilele cha uongo: unafika unadhani umemaliza, kumbe mgongo wa mlima bado unaendelea. Mwandae binti mapema asije akakata tamaa pale. Mdogo abaki na bibi... samahani, na mama yake na babu. Ulizeni kama mnada wa mifugo utaangukia siku zenu, mzee atafurahi kuliko ninyi wa mlimani. Makoti ya maana, mwezi wa sita huku ni baridi kali.

Jambo moja nawaomba. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima huu huu, tukazika watu zaidi ya 80. Mkionyeshwa palipopita tope, msipige picha za kucheka.

Mkazi wa Kisasa
Asanteni mno. Mama, shikamoo, hilo la picha nitawaambia watoto kabla hatujaondoka. Nimemsomea mzee habari ya HADO, ameanza kutaja majina ya watu waliohamishwa na hajanyamaza hadi sasa. Tunaanzia Kondoa. Swali la mwisho: pale Babati ziwani, mtumbwi wa kwenda kuona viboko unamfaa mtoto wa miaka 9?

Dereva wa Manyoni
Mimi wangu nilimzuia. Kiboko hatabiriki. Kaeni ufukweni jioni mle samaki, viboko mtawasikia tu.