Mjadala: Taarifa za mazingira kwa wananchi ziwe na hesabu au ziondolewe?

Mleta mada: Wadau, wapo wanaotaka taarifa za mafuriko ziondolewe tarakimu, ibaki tu "hatari ni kubwa". Napinga. "Mafuriko ya miaka mia" watu huyaelewa kwamba yakija leo, wamepona kwa miaka 100. Kumbe ni uwezekano wa 1% kila mwaka, hata kama yalikuja mwaka jana. Uwezekano wa kutofurikiwa kwa mwaka mmoja ni 0.99; kwa miaka 30 mfululizo ni 0.99 kwa kipeo cha 30, takriban 0.74, kwa hiyo uwezekano wa kufurikiwa angalau mara moja ni 26%. Ningeandika hivi: kati ya nyumba 100 za bondeni, 26 zitaingiwa na maji.

Mchangiaji 1: Mkuu, sentensi hiyo ya mwisho itakuponza. Nyumba za bonde moja hazigawani mafuriko: maji yakija yanaingia karibu zote, yasipokuja haiingiwi hata moja. Bajeti ya fidia ikipangwa kwa nyumba 26, imekwama. Sema "mabonde 100 yaliyo mbalimbali". Na 1% ikipanda kuwa 2%, ile 26% haifiki 52, inakuwa 45%.

Mchangiaji 2: Mnahangaika na mabonde, wanasiasa wamejificha kwenye asilimia. "Tutapunguza hewa ukaa kwa 30%", kulinganisha na nini? Tuseme nchi inatoa tani milioni 100, na makadirio ya baadaye bila hatua yoyote ni 160. Toa 30% kwenye 160, inabaki 112. Ahadi ya kupunguza, tani zimeongezeka! Wananchi waambiwe neno moja tu: inapanda au inashuka.

Mleta mada: Ujanja huo umeunasa kwa hesabu hiyo hiyo. Na "inashuka" nayo inapotosha. Utoaji ukishuka kwa 10%, kiasi kilichopo angani bado kinaongezeka, sawa na ndoo iliyopunguziwa bomba bila kufungwa. Kabla ya zama za viwanda kilikuwa sehemu 280 hivi kwa kila milioni, sasa kimepita 420. Kila ahadi iandikwe kwa tani: za leo, za mwaka wa lengo, na za mwaka unaolinganishwa nao.

Mchangiaji 1: Bungeni, sawa. Kwenye tangazo la dharura, hapana. Pale mtu anataka kujua maji yatafika gotini au dirishani, aondoke saa ngapi, apite njia ipi. Hiyo 26% ipelekwe kwenye kikao cha vibali vya ujenzi, ambako anayetaka kujenga bondeni anaweza kuulizwa nani atalipia tuta la kuzuia maji.