Kampuni za vifurushi Nairobi: mkitoza mzigo ni mkubwa, mkitakiwa kufidia ni mdogo

Kuna swali ambalo makarani wa kampuni za vifurushi katikati ya jiji hawalipendi hata kidogo, nalo ni hili: mzigo huu ukivunjika au ukipotea kabla ya kumfikia mteja wangu, ni nani atakayelipa, na atalipa shilingi ngapi? Ukiuliza bei utajibiwa papo hapo. Ukiuliza utafika lini utaambiwa ni kesho asubuhi, hata kama ni Ijumaa jioni na mzigo unakwenda Lodwar, mbali kaskazini. Ukigusia habari ya fidia, karani hubadilika sura, hugeuza risiti na kukuonyesha kwa kidole maandishi madogo yaliyochapishwa nyuma kwa wino uliofifia, kisha humwita mteja anayefuata.

Naandika kwa hasira na sioni haja ya kuificha. Ninauza vyombo vya nyumbani kupitia mtandao, yaani chupa za chai, sufuria, bilauri na sahani za kauri, ambavyo ninavinunua kwa jumla katika soko la Kamukunji, Nairobi, na kuvituma kwa wateja walio hapa jijini na katika kaunti nyingine. Kampuni ninayoilalamikia sitaitaja, kwa kuwa mawasiliano yetu bado yanaendelea, na kwa kuwa nimewasikiliza wauzaji wenzangu vya kutosha kuamini kwamba ukibadilisha rangi ya fulana za wafanyakazi wake utapata kampuni nyingine yenye mwenendo uleule.

Mzigo wenyewe ulikuwa katoni ya chupa za chai za kioo kwa mteja wa Kakamega, mama mwenye hoteli ndogo ambaye alikuwa amelipa pesa zote kabla katoni haijaondoka Nairobi. Anayeuza chupa hizi anajua zilivyo. Ndani ya ganda la plastiki au la bati mna kioo chembamba chenye kuta mbili, na kati ya kuta hizo hewa imeondolewa ili joto lisipite. Kioo hicho kikipata kishindo kinaweza kusambaratika chote huku ganda la nje likibaki linang'aa, bila hata mkwaruzo. Hakuna anayeweza kuutambua uharibifu huo kwa macho. Ni lazima aifungue chupa, aitikise na kusikiliza. Mteja wangu alipokwenda kwa wakala kuchukua mzigo wake, aliambiwa kwamba haruhusiwi kufungua katoni kabla ya kutia sahihi, na karatasi aliyopewa ilikuwa tayari imechapishwa maneno yanayosema kwamba mzigo umepokelewa ukiwa katika hali nzuri. Alitia sahihi kwa sababu bila hiyo asingepewa mali aliyokwisha kuilipia. Alipofika kwake na kuinua chupa ya kwanza, vigae vikalia ndani.

Nilipowasilisha malalamiko, nilijibiwa kwa sahihi hiyohiyo. Kampuni ilinieleza, kwa lugha ya adabu kabisa, kwamba mpokeaji alithibitisha kuwa mzigo ulikuwa salama na hivyo jukumu lao lilikuwa limekwisha. Yaani wanamkataza mtu kutazama, wanamtaka aandike kwamba ametazama, halafu wanaitumia karatasi hiyo kumfungia mlango. Nilipopinga, wakahamia hoja ya pili kwamba mzigo haukufungwa inavyostahili, ilhali kaunta yao wenyewe ndiyo iliyoufunga na kunitoza gharama ya kufunga, na risiti inaonyesha hivyo. Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike hapa. Walisema kwamba hata kama wangekubali kosa, fidia yao huhesabiwa kwa kilo, kwa uzito halisi wa mizani, na kiasi walichokitaja hakitoshi kununua hata chupa moja kati ya zile zilizovunjika.

Wauzaji wapya huenda hawajui kwa nini maneno hayo yananichoma. Katoni hiyohiyo, siku ilipopokelewa, haikutozwa kwa uzito wa mizani. Ilitozwa kwa ukubwa. Kanuni yenyewe ni hii: unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha unagawanya kwa 5,000, na jibu linalopatikana linachukuliwa kuwa ni kilo. Katoni kama yangu, yenye urefu wa sentimita 60, upana wa 50 na kimo cha 40 ina sentimita za ujazo 120,000, kwa hiyo inahesabiwa kuwa ya kilo 24, hata kama ndani mna chupa za chai ambazo mizani inasema hazifiki kilo kumi. Kigawanyo hicho kimezoeleka katika usafirishaji wa haraka wa ndege, na mantiki yake inaeleweka, kwa maana nafasi ndani ya ndege inaweza kujaa kabla uzito haujafikia kikomo. Hata ndani ya lori nafasi ina thamani yake. Kwa hiyo sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba kwenye simu unatajiwa bei kwa kilo, ukutani hakuna kanuni yoyote iliyobandikwa, unafika umebeba katoni mabegani kutoka Kamukunji ndipo unatolewa futi ya kupimia, na siku ya hasara futi hiyo inarudishwa kabatini na mizani inatolewa. Kama mzigo wangu ulikuwa wa kilo 24 wakati wa kutozwa, ni kitu gani kilichoupunguza wakati wa kufidiwa?

Nimeshasikia ushauri kwamba ninunue bima. Niliiulizia. Inapatikana kwa asilimia fulani ya thamani niliyoitaja, isipokuwa kwa kioo, kauri na vitu vingine vinavyovunjika kwa urahisi, yaani isipokuwa kwa karibu kila kitu ninachouza.

Jambo jingine lililojitokeza katika mvutano huu ni kwamba kampuni hiyo haina gari linalokwenda Kakamega. Ilipokea pesa zangu kwa bei ya kampuni ya vifurushi, ikaipeleka katoni kwenye basi la usiku, basi likaikabidhi kwa wakala, na kila aliyeulizwa alisema kwamba aliipokea ikiwa imefungwa na akaitoa ikiwa imefungwa. Niligundua hayo kwa sababu mtu aliyempigia mteja wangu simu alikuwa karani wa mizigo wa kampuni ya basi. Kuna tofauti kubwa kati ya kumkabidhi msafirishaji mzigo na kumkabidhi dalali atakayemtafuta msafirishaji, na mtu anayelipa ana haki ya kujua ni yupi kati ya hao aliye mbele yake.

Ndiyo maana, kwa vitu visivyovunjika, nimerudi kwenye mabasi na matatu moja kwa moja, na sioni aibu kusema hivyo. Sufuria za kwenda Nakuru ninazipeleka steji ya Nyamakima, za magharibi ninazipeleka kituo cha mabasi kiitwacho Machakos, hapahapa Nairobi. Ninaandikiwa risiti, ninatajiwa nambari ya usajili wa gari na saa ya kuondoka, ninauona mzigo ukiingia kwenye buti, kisha ninamtumia mteja maelezo hayo naye anakwenda kuungoja stejini. Fidia huko pia ni ndogo mno, na mteja anayekaa mbali na mji analazimika kulipa bodaboda. Lakini mikono inayoshika mzigo ni michache na ninaifahamu. Hakuna anayenidanganya kwamba kuna mtambo unaofuatilia safari yake.

Mitambo hiyo ya ufuatiliaji nayo ina mambo. Nimewahi kusoma ujumbe kwamba kifurushi kimewasilishwa ilhali mteja wangu wa Pipeline, Embakasi, yuko nyumbani na hajaona mtu. Kinachotokea ni kwamba mwendeshaji wa pikipiki hupiga simu mara moja, na asipojibiwa hubonyeza chochote kitakachofunga kazi yake ya siku. Ni kweli kwamba mitaa yetu mingi haina nambari za nyumba na watu huelekezana kwa maduka, makanisa na mageti ya rangi fulani. Ni kweli pia kwamba Mkenya yeyote aliyewahi kusumbuliwa na matapeli wa pesa za simu hapokei nambari asiyoijua. Mambo hayo yanajulikana na kila mtu jijini. Kampuni inayodai kuwa na utaalamu wa kufikisha mizigo Nairobi ilipaswa kuyapanga ndani ya huduma yake, kwa kutuma ujumbe kabla ya kupiga simu, kwa mfano, badala ya kuyafanya kisingizio. Na kwa kuwa tunazungumzia simu, sielewi ni kwa nini jina na nambari ya mteja wangu lazima ziandikwe kwa kalamu nene juu ya katoni ili zisomwe na kila mpita njia, wakati Sheria ya Ulinzi wa Data imekuwapo tangu mwaka wa 2019.

Malipo baada ya kupokea ni kero ya namna yake. Wateja wengi wa Nairobi hawakubali kulipa kabla ya kuona bidhaa, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa walaghai wamejaa mtandaoni. Kampuni inajitolea kukusanya pesa kwa niaba yangu, inakata ada yake, kisha inakaa na salio kwa muda inaoutaka yenyewe. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, pesa hutoka simu moja hadi nyingine kwa sekunde. Hakuna sababu ya kiufundi ya pesa zilizolipwa Jumatatu kunifikia wiki inayofuata. Hiyo ni mikopo isiyo na riba inayotolewa na wauzaji wadogo kwa kampuni kubwa bila kuulizwa. Mteja akikataa bidhaa, natozwa nauli ya kwenda na ya kurudi.

Shirika la Posta, ambalo wengi hulicheka, nimelitumia kwa mizigo ya ng'ambo, na hapo sharti niwe mkweli. Foleni ni ndefu na Jumapili hakuna huduma. Hata hivyo, nambari yake ya herufi na tarakimu 13 inayoishia KE inafuata utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, kwa hiyo mpokeaji aliye Uingereza anaweza kuitumia kwenye mtambo wa posta ya huko. Kampuni nyingi za humu nchini hazina kitu kama hicho: kifurushi kikitoka mikononi mwao, nambari waliyokupa haina maana kwa mtu mwingine yeyote.

Sasa kuhusu sheria, kwa kuwa najua kuna atakayeniambia niende mahakamani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Tuna pia Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012. Kampuni za vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo hupokea malalamiko baada ya mlalamishi kwanza kuipa kampuni yenyewe nafasi ya kuyashughulikia. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili. Yote hayo yapo na ninayaheshimu. Lakini kampuni hizi zimepiga hesabu. Zinajua kwamba muuzaji aliyepoteza bidhaa za shilingi elfu chache hatafunga biashara ili aende mahakamani Milimani, kwamba atamrudishia mteja pesa kutoka mfukoni mwake ili asichafuliwe jina, na kwamba wiki ijayo atarudi kaunta ileile kwa sababu ndiyo iliyo karibu na steji. Nami nilimrudishia mama wa Kakamega pesa zake zote. Hakuwa na kosa lolote.

Ninachokitaka kutoka kwa kampuni hiyo si huruma. Wamruhusu mpokeaji kufungua mzigo mbele ya wakala kabla ya kutia sahihi, wabandike kanuni ya kutoza ukutani, na kipimo kilichotumika kunitoza ndicho kitumike kunifidia. Ikiwa mzigo utakabidhiwa basi la mtu mwingine, waniambie kabla sijalipa.

Barua yangu imepokelewa na kupigwa muhuri katika ofisi yao kuu. Wasipojibu ipasavyo, nyingine itakwenda kwa Mamlaka, na mteja wangu amekubali kuandika mwenyewe jinsi alivyokatazwa kufungua katoni. Kwa hiyo nawaomba wauzaji wenzangu, kama mteja wenu naye amewahi kulazimishwa kutia sahihi kabla ya kutazama, katika ofisi yoyote ya kampuni yoyote, mwandike hapa chini mji, mwezi na aina ya bidhaa, bila majina wala nambari za simu za wateja. Lalamiko moja ni rahisi kuliweka kando. Nataka nipeleke rundo.