Naomba ushauri: mtoto abebe jina la ukoo au la babu?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni Massawe, Mchaga wa Machame, mke wangu ni Msambaa wa Lushoto. Tunataka kumkatia mtoto wetu wa kwanza cheti cha kuzaliwa RITA, ila hatujakubaliana jina la tatu.

Kwetu jina la ukoo halibadiliki, ndiyo maana akina Massawe, Mushi na Swai wamejaa kila mkoa. Ofisini kwetu tu tuko wawili wenye jina la kwanza na la mwisho sawa, na mishahara ilishachanganywa.

Kwa mke wangu jina la tatu ni la babu, kwa hiyo kila kizazi linasogea. Babu yake alikuwa Shekiondo. Watoto wa kaka yake hawana tena jina hilo kwenye vyeti. Linaniuma hilo, kusema kweli.

Yeye anapendekeza tumwandike mtoto jina la marehemu baba yangu. Wazee wangu wanakataa: vijana watajuaje kuwa ni ndugu kabla hawajachumbiana?

Walioacha jina la ukoo, mlisumbuliwa kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), pasipoti au mirathi? Na kuandika majina manne inakubalika?