Mjadala: 2G izimwe kwa tarehe, au iachwe hadi ife yenyewe?

MpangaMasafa
Wadau, naleta hoja bila kuizungusha. Mitandao ya 2G ipangiwe tarehe ya kuzimwa, tarehe itangazwe mapema, na siku ikifika izimwe kweli. Kungoja mtumiaji wa mwisho aondoke kwa hiari yake ni kusubiri meli uwanja wa ndege.

Kwanza masafa. Chukua kampuni yenye MHz 5 za kwenda na MHz 5 za kurudi kwenye bendi ya 900. GSM, yaani teknolojia ya 2G, inazikata vipande vya kHz 200, unapata chaneli 25. Huwezi kuzirusha zote kwenye kila mnara, maana minara jirani itaingiliana. Mpango wa kawaida ni minara 4 yenye pande 3 kila mmoja, yaani makundi 12, ndipo unaanza kurudia. 25 kwa 12, kila upande unaambulia chaneli 2. Kila chaneli ina zamu 8, jumla 16. Toa 2 za uongozi, yaani matangazo ya mnara, kuita simu na kupitisha SMS. Zimebaki 14. Mtu wa 15 akipiga anaambiwa mtandao una shughuli nyingi. MHz hizohizo 5 ukizipa LTE, yaani 4G, kila upande wa kila mnara unazitumia zote.

Pili umeme. Chaneli inayobeba matangazo ya mnara wa GSM haipumziki. Inarusha kwa nguvu yake kamili kwenye zamu zote 8, usiku na mchana, hata kama hakuna anayeongea. Zamu tupu zinajazwa biti za bure ili simu zilizo karibu ziweze kupima nguvu ya mnara. Saa tisa usiku mnara unahutubia ukumbi mtupu, na dizeli inaungua.

FundiKitochi
Mkuu, hesabu ni sahihi, ila mfano umeuchagua unaokufaa. Siku hizi nani anaipa GSM MHz zote 5? Ibane ibaki na chaneli 12, moja kila upande, hiyo ni MHz 2.4. Zamu 8, toa 1 au 2, halafu washa sauti ya nusu kasi ili kila zamu ibebe watu wawili. Unapata wasemaji 12 hadi 14 kwa upande, karibu sawa na ulivyohesabu mwanzo, kwa nusu ya masafa. Zilizobaki wape LTE.

Na kuhusu umeme, LTE nayo hailali. Inarusha alama zake za vipimo kila milisekunde hata mtandao ukiwa mtupu. Inapumua zaidi ya GSM, nakubali, lakini usitupambie.

MpangaMasafa
Zilizobaki ni MHz 2.6, ndugu yangu. LTE ina saizi zake: 1.4, 3, 5, 10, 15 na 20. Hakuna 2.6. Utaweka ya 1.4 na MHz 1.2 zikae bila kazi. Ujanja wako unafaa kwa mwenye MHz 10: anatoa 2.4, zinabaki 7.6, anaweka LTE ya 5. Mwenye 5 tu lazima achague moja.

BiMawimbi
Kabla hamjafika mbali, hili limeshatokea mara moja na matokeo yanajulikana. Kizazi cha kwanza kilipozimwa Marekani, waliobaki nyuma hawakuwa wazee wenye simu kubwa kama tofali. Mtaelewa vizuri mkiona mashine yenyewe ilivyofanya kazi.

AMPS, mtandao huo wa analojia wa kizazi cha kwanza, ilianza kibiashara Chicago tarehe 13 Oktoba 1983. Chaneli 666 za kHz 30 ziligawanywa kwa kampuni mbili kila mji, 333 kila moja. Kati ya hizo, 21 ni za uongozi. Zinabaki 312 za sauti, na kwa mpango wa kurudia kila seli 7, kila seli inapata chaneli 44 au 45. Chaneli moja, mazungumzo mamoja, mpaka mtu akate.

Simu ikiwashwa inapita zile 21, inachagua yenye nguvu kuliko zote, inakaa hapo ikisikiliza bila kufumba jicho. Ndiyo maana betri zilikuwa zinaisha mbio: DynaTAC 8000X ya Motorola, dola 3,995 na karibu gramu 790, iliongea kama nusu saa na kuchajiwa kwa saa 10 hivi. GSM ilitibu hilo kwa kupanga simu kwenye makundi ya kuitwa. Kitochi kinazinduka kila baada ya nusu sekunde hadi sekunde mbili, kinasikiliza kama jina lake limetajwa, kinarudi kulala.

Ukibonyeza kupiga, simu ya AMPS inatuma namba yako na namba ya kiwandani ya biti 32, kwa kilobiti 10 kwa sekunde, wazi kabisa. Mnara unaipa chaneli, simu inahamia. Hapo mnara unarusha mlio mmoja kati ya mitatu, wa Hz 5970, 6000 au 6030, juu kidogo ya sauti ya mtu, na simu inaurudisha kama ilivyoupokea. Ukirudi mlio tofauti, mnara unajua umenasa simu ya seli nyingine yenye chaneli hiyohiyo, unakata. Ukihama seli, sauti inazibwa sehemu ndogo ya sekunde ili amri ya chaneli mpya ipite humohumo. Sikio linasikia "tik", modemu ya data inakatika. Ukimaliza, simu inarusha mlio wa kHz 10 kwa sekunde 1.8, chaneli inaachiliwa.

Sasa kuzimwa. Kwa uamuzi wa 2002, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliyalazimisha makampuni kuitunza AMPS hadi 18 Februari 2008. Watu wa kawaida walishahamia dijitali. Walionaswa ni wenye ving'ora vya nyumba vilivyopiga simu kwa AMPS, na magari ya zamani yenye OnStar ya analojia, huduma ya kuita msaada kutoka ndani ya gari. Vifaa hivyo havikuwa na mtu wa kwenda dukani kuvibadilishia.

MitaNaMageti
Bi Mawimbi umenitangulia. Leo vifaa vya aina hiyo ni mita, pampu, mageti, lifti, vifuatilia magari, mashine za kadi. Na msifikiri ni kuchomoa modemu ya 2G na kuchomeka ya 4G.

Modemu ya GSM inarusha hadi W 2 kwa mikrosekunde 577, inanyamaza, inarudia kila milisekunde 4.615. Kila mrusho unaweza kuvuta hadi ampea 2 kwenye njia ya V 4 hivi. Waya ukiwa mwembamba au kapasita ndogo, volti inadondoka na modemu inajizima katikati ya kujisajili, inajiwasha, inajaribu tena, bila mwisho. Mafundi wengi hulaumu mtandao wakati ubovu ni sentimita kumi za waya. (Mkwaruzo ule wa "tiririri" kwenye spika simu inapokaribia kuita ndio mrusho huo: mara 217 kwa sekunde.) Bodi nyingi za mita zimejengwa kuzunguka tabia hiyo.

Sasa weka modemu mpya. Pini za mawasiliano za modemu nyingi za 4G ni V 1.8, za 2G nyingi zilikuwa karibu V 2.8, bila kibadilisha volti unaichoma. Antena iliyokatwa kwa 900 na 1800 haitasikia vizuri kwenye 700 au 800. Programu ya mita ina amri za modemu ya zamani zilizoandikwa ndani kabisa, na mita nyingi haziwezi kusasishwa kwa mbali. Kwa hiyo fundi aende kwenye kila nguzo, afungue lakiri, abadilishe, apime, afunge lakiri.

Njia ipo. NB-IoT, njia nyembamba ya 4G kwa ajili ya vifaa, inakaa kwenye kHz 180, inaenea ndani ya nafasi ya chaneli moja ya GSM, na kwa viwango vyake inavumilia upotevu wa mawimbi wa desibeli 164 dhidi ya 144 za GPRS, yaani data ya 2G. Mita iliyo chini ya ngazi za zege itasikika vizuri zaidi kuliko sasa. Lakini lazima iwepo hewani kabla ya kuzima, si baada.

MchimbaFiche
Mnaongea masafa na waya, hamjagusa usalama. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuzima.

Tazama simu ya 2G inavyojitambulisha. Mnara unatuma namba ya bahati nasibu ya biti 128. Laini ina siri yake ya biti 128 isiyotoka nje ya kadi. Inachanganya hizo mbili, inatoa jibu la biti 32 na ufunguo wa biti 64. Mnara unalinganisha jibu, unakubali. Na simu inauliza mnara nini? Haiulizi chochote. Yeyote mwenye redio inayotangaza jina la mtandao wako kwa nguvu kuliko jirani anapokelewa kama mwenye nyumba. Tena mnara ndio unaochagua usimbaji, yaani namna ya kuficha mazungumzo. Ukisema "tusisimbe", simu inatii.

Hata unaposimba, A5/1, msimbo wa kawaida wa GSM, ni mzee. Mwishoni mwa 2009 mtafiti wa usalama Karsten Nohl na wenzake walitoa hadharani majedwali ya kuivunja. Na kadi za laini zilizotumia COMP128, kanuni ya zamani ya kutengeneza ufunguo, zilizalisha ufunguo wenye biti 10 za sifuri, yaani biti 54 tu za kweli. Tapeli leo anavuruga 4G kidogo, simu zinashuka 2G, anazimwagia SMS zenye jina la mtumaji analotaka yeye.

BiMawimbi
Yote kweli, ila hitimisho lina tundu. Mnara feki hauhitaji mnara wa kweli wa 2G kuwepo. Unahitaji simu inayokubali 2G. Ukizima minara yote kesho, simu mfukoni bado inajua lugha ya 2G, na ikikosa 4G itaitafuta. Tena ikikuta mnara mmoja tu wa 2G nchi nzima, wa tapeli, itaushika huo bila kusita.

Dawa iko upande wa simu. Android 12 ya 2021 iliweka swichi ya kuzima 2G kwa simu ambazo modemu yake inaikubali, ikiacha mlango kwa simu za dharura. 2G ikiwa imezimwa kwa swichi hiyo tangu kiwandani, tapeli amekosa kazi hata minara ikibaki.

FundiKitochi
Hapo umenipa pumzi. Niongeze la sauti, maana watu hudhani mwenye simu ya 4G yuko salama. Simu ya 4G isiyo na VoLTE, yaani uwezo wa kupitisha sauti ndani ya 4G, haiongei kwa 4G. Ikipigiwa, mtandao unaiambia ishuke 2G au 3G, inashuka, sekunde kadhaa, ndipo inaita. Ondoa pa kushukia, simu inabaki ya intaneti tu. Nyingine zina VoLTE lakini programu yake haina mipangilio ya mtandao wako, kwa hiyo haiwaki. Nyingine zinapiga kawaida kwa VoLTE lakini namba ya dharura zinaitafuta 3G. Australia ilipozima 3G mwishoni mwa Oktoba 2024, simu za aina hiyo ilibidi zifungiwe, kwa sababu zingeonekana nzima hadi siku ya ajali.

Menyu za nyota na reli nazo mzikumbuke. Kwenye mitandao mingi bado zinashukia kwenye njia ya zamani. Ujerumani makampuni yalizima 3G mwaka 2021 na kubakiza 2G kwa hesabu za namna hii. Singapore ilizima 2G Aprili 2017 ikiwa bado na 3G ya kushukia. Anayetaka kuzima zote mbili ajue ameondoa ngazi nzima.

MpangaMasafa
Sawa, nasogea hatua moja, si mbili. Hoja ya usalama naiweka kando, Bi Mawimbi ameiua. Hoja ya masafa inabaki kwa wenye MHz chache. Tarehe nabaki nayo, ila iwekwe baada ya kuhesabu vifaa. Kuhesabu si kazi ngumu: tarakimu 8 za kwanza za IMEI, namba ya utambulisho ya kila kifaa, zinataja modeli. Toa orodha ya modeli zisizojua zaidi ya 2G, utapata idadi kwa kila mnara.

MitaNaMageti
Utapata modeli ya modemu, si kazi yake. Modemu ileile iko kwenye mita na kwenye geti. Itenganishe kwa tabia: haijawahi kuhama mnara, haijawahi kupigiwa na mtu, inatuma data saa ileile kila usiku. Hiyo ni mita. Haihami, inapokea simu fupi zinazokatwa kabla ya kupokelewa: hilo ni geti linalofunguliwa kwa kupigiwa.

MpangaMasafa
Na visivyotuma chochote?

MitaNaMageti
Kifaa kikiwa kimewashwa lazima kiripoti. Mnara unatangaza kipima muda, kwa hatua za dakika 6, kisichozidi saa 25 na nusu. Muda ukiisha, kifaa kinasema "nipo" hata kama hakina la kusema. Siku mbili za kumbukumbu zinakuonyesha karibu vyote.

Ila kuna ving'ora vya betri ambavyo modemu yake haina umeme kabisa mpaka mlango uguswe. Hivyo havitaonekana kwenye orodha yako hata ukihesabu mwaka mzima. Wa kukupa idadi yake ni wauzaji na wafungaji, kwa daftari zao.

FundiKitochi
Kama daftari hizo zipo.