Uchovu na kichefuchefu kinachokwenda na kurudi: nianzie wapi hapa Dodoma?

Kutoka: Mwalimu, Nkuhungu

Hamjambo Wakenya wenzangu wa Dodoma,

Naandika nikiwa kitandani, na leo ni siku ya kazi. Tangu mvua zikatike nasumbuliwa na kitu kisicho na jina. Naamka mwili umechoka utadhani sikulala. Kichefuchefu kinanishika asubuhi, kinatulia, jioni kinarudi. Sitapiki, ila chakula nakitazama tu. Hali hii inaweza kunikalia wiki nzima au zaidi, kisha ikaniachia ghafla. Nafundisha, nafua, naenda soko la Majengo, nasema nimepona. Halafu narudi palepale.

Mimba hakuna, nimepima, najua ndilo swali la kwanza. Zahanati ya mtaani walisema taifodi na UTI, nikamaliza dozi. Iliporudi nikajaribu zahanati nyingine: taifodi na UTI tena, safari hii wakaniongezea na mseto wa malaria. Duka la dawa nao wakaniuzia omeprazole kwamba ni vidonda vya tumbo. Jirani yangu anasema ni haya maji ya chumvi, nitazoea. Mwenzangu wa ofisi ya walimu anasema ni mawazo ya kukaa mbali na kwetu. Dada yangu aliye Kisii anataka nipande basi nirudi.

Mliokaa huku muda mrefu, nianzie wapi? Na kazini niwaambie nini, kama ugonjwa wenyewe sina jina lake?

Kutoka: Mzee wa Area C

Pole sana binti yangu.

Usikimbilie Nairobi. Ukifika huko utaanza faili upya na daktari asiyekujua, na kama michango yako ya SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) imekatika tangu uhamie huku, utalipa mfukoni. Dodoma si ile ya zamani ambapo kila kitu kilikuwa Dar. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) inapandikiza hata figo tangu 2018.

Swali langu moja: unapikia mkaa ndani? Usiku wa Juni na Julai watu hufunga madirisha na jiko linawaka. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huleta uchovu, kichefuchefu na kuumwa kichwa. Dalili yake ni kwamba ukitoka nje ya nyumba kwa saa kadhaa unapata nafuu.

Kutoka: Nesi, Ilazo

Mwalimu, pole. Nitaandika kirefu kwa sababu habari yako naisikia kila siku.

Tuanze na taifodi. Kipimo wanachotumia zahanati nyingi ni cha Widal. Hakitafuti mdudu, kinatafuta kinga ya mwili dhidi yake, na kinga hiyo hubaki kwenye damu hata kama uliugua zamani. Watu wazima wengi wa ukanda wetu wakipimwa leo, wengine watasoma taifodi wakiwa wazima kabisa. Jibu la kuaminika zaidi hutoka kwa kuotesha damu, yaani kuiweka maabara kuona kama mdudu atakua, na ni kabla hujameza antibiotiki. UTI nayo ithibitishwe kwa kuotesha mkojo, isiwe kwa chembe mbili tatu zilizoonekana kwenye hadubini. Malaria siyo kwamba haipo, lakini Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Tena kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya kutibiwa, kwa hiyo ukirudi mapema utapewa mseto tena bure.

Sasa angalia dozi hizi zinavyoharibu upelelezi. Ukitaka kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo kwa kinyesi, uwe hujatumia omeprazole kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne, la sivyo jibu linaweza kutoka hasi na mdudu yupo. Wewe umekuwa ukimeza vyote viwili. Tena antibiotiki zenyewe huleta kichefuchefu, kwa hiyo daktari anayekuja hajui anatazama ugonjwa au dawa. Kama huna homa na hali si ya dharura, mwombe daktari kipindi bila dawa mpya, ndipo mpime.

Kupima kwenyewe kuanze na vipimo vya kawaida ambavyo mara nyingi hurukwa: damu kamili kuona upungufu wa damu, sukari, figo, ini, homa ya ini B na C, VVU, tezi ya shingo, chumvi za damu (sodiamu na potasiamu), kinyesi kwa minyoo na amiba. Uulizwe na kuhusu kifua kikuu. Na sema ukweli wa unachokula. Kama Jumamosi huwa mnadani Msalato na nyama inatoka motoni haijaiva, au unakunywa maziwa mabichi ya wafugaji, taja. Brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, inakwenda na kurudi hivyohivyo: uchovu, homa za jioni, viungo kuuma. Ila nayo ina vipimo vya haraka vinavyodanganya, tulishaungua navyo sana kwetu Kenya. Ulizia kipimo kinachoitwa Rose Bengal.

Kuna jambo moja ambalo madaktari wengi hulifikia mwisho kabisa. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Zikichoka, na kifua kikuu ni mojawapo ya sababu, mtu hulegea, huwa na kichefuchefu, hupungua uzito, hutamani chumvi, na hupata kizunguzungu akisimama. Ngozi huwa nyeusi zaidi, na kwa sisi weusi utaiona kwenye fizi, mistari ya viganja na makovu. Sisemi unayo, si ugonjwa wa kila mtu. Nasema pima presha ukiwa umelala kwa dakika tano, kisha ukisimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie daktari, aamue kama upimwe kotisoli, homoni ya tezi hizo. Damu ya kipimo hicho huchukuliwa mapema, kama saa mbili asubuhi.

Na chagua daktari mmoja. Jenerali (hospitali ya rufaa ya mkoa) au Benjamin Mkapa, popote, lakini faili moja. Nunua daftari la shule la kurasa chache: tarehe, ulichokula, dawa, hedhi, usingizi, joto la mwili, uzito kila wiki. Usiandike "najisikia vibaya". Andika "nilishindwa kupanda ngazi hadi darasani". Hilo daktari atalielewa.

Ukiona macho ya njano, choo cheusi, unatapika damu, unazimia au kuchanganyikiwa, achana na daftari, nenda dharura usiku huohuo.

Kutoka: Mama Wawili, Chang'ombe

Mlonge unga kijiko kimoja kwenye uji asubuhi. Ulimsaidia shemeji yangu. Na maombi.

Kutoka: Nesi, Ilazo

Mlonge ni mboga nzuri, Mama Wawili. Lakini nao uandikwe kwenye daftari.

Kutoka: Mhasibu, Kisasa

Upande wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimbagui mgeni mwenye mkataba halali. Ukishapita miezi sita kazini una siku 126 za ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Mwajiri anataka cheti cha daktari, na cheti hakihitaji kutaja ugonjwa uliothibitishwa. "Anaendelea na uchunguzi" inatosha kuanzia. Usimeze siku kimyakimya kwa kuomba ruhusa za mdomo, baadaye zitahesabiwa utoro na kibali chako cha kazi kimeshikwa na mwajiri huyohuyo.

Bima: soma kifungu cha magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Na usikubali karatasi iandikwe "vidonda vya tumbo sugu" na mtu ambaye hajakupima. Neno hilo litakufuata siku ya kubadilisha bima.

Kutoka: Mwalimu, Nkuhungu

Asanteni sana. Mzee, natumia gesi, na hata nikiwa shuleni hali ni ileile, kwa hiyo mkaa tuuondoe. Maziwa mabichi ndiyo, nanunua kwa kijana anayepita na baiskeli, sikuwahi kuulizwa. Chumvi sijui, huku kila kitu kina chumvi.

Mkuu wa shule nimemwandikia kama Mhasibu alivyosema, amenijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nimepata miadi Jenerali wiki ijayo, omeprazole nimeiweka kando. Dada bado ananipigia kila jioni kuhusu basi.

Mwenye mashine ya presha ya kuazima maeneo ya Nkuhungu au Miyuji aniambie, za dukani bei yake hainifai mwezi huu.

Kutoka: Mzee wa Area C

Ninayo. Njoo baada ya saa kumi na moja, ugonge geti la pembeni. Betri ununue wewe.