Re: Tunabadilisha jikoni, tuanzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tumenunua nyumba hapa Reading, Uingereza, ya miaka ya 1960, na jikoni pamechoka. Mume wangu anataka kaunta ya kwatzi nyeupe. Mimi nimependa vigae vyeupe ukutani na vinavyong'aa sakafuni. Dukani kila kitu kinavutia. Mliokwisha pitia haya, tuanzie wapi?

Mdogo wenu, Reading

---

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa nyumba.

Anzeni na mnachopika. Nilipotengeneza jikoni kwangu niliweka kwatzi nyeupe hiyohiyo. Wiki ya tatu nikaipua sufuria ya pilau na kuitua juu yake. Ikaacha duara la manjano, na lipo mpaka leo. Kwatzi ya dukani si jiwe zima. Ni jiwe lililosagwa, kama asilimia 90, likashikanishwa kwa gundi ya plastiki, na gundi hiyo huanza kuharibika kwenye nyuzi 150 hivi. Mafuta ya maandazi hufika 180. Graniti inavumilia moto, ila ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo kila baada ya muda, la sivyo mafuta yatazama. Kaunta ya jiwe la marumaru msiisogelee kabisa: ndimu na ukwaju huila.

Jambo jingine kuhusu kwatzi linanisumbua moyoni. Vumbi lake likikatwa kavu huharibu mapafu ya mafundi, na vijana wengi wameugua kwa hilo. Australia iliipiga marufuku kuanzia Julai 2024. Mkishikilia kuiweka, ulizeni karakana kama wanakata kwa maji, na msikubali ikatwe kavu ndani ya nyumba yenu.

Vigae vya ukutani chukueni vya kawaida tu, fedha yenu iende sakafuni. Huko wekeni vya kaure, ambavyo havinywi maji hata nusu asilimia. Vinavyong'aa achaneni navyo, dada. Tone la mafuta na mtoto anayekimbia, hapo hapana usalama. Tafuteni kwenye boksi alama ya R10 au zaidi, ndiyo kipimo cha kutoteleza. Mnunue asilimia 10 ya ziada, na namba ya toleo iwe moja kwenye maboksi yote, kwa sababu rangi hutofautiana. Saruji ya kujazia mianya isiwe nyeupe, maana bizari ya manjano haitoki humo. Ya kijivu itawatosha. Ya epoksi, yaani ya gundi ngumu ya plastiki, ni bora zaidi nyuma ya jiko, ingawa fundi atawatoza zaidi kwa sababu inakauka upesi na kumsumbua.

Na tafadhali, nyumba ya miaka ya 1960! Uingereza ilikamilisha marufuku ya asibesto, nyuzi za ujenzi ambazo vumbi lake huharibu mapafu, mwaka 1999. Vigae vya zamani vya plastiki sakafuni, gundi nyeusi iliyo chini yake na dari yenye plasta ya michirizi vinaweza kuwa nayo. Msibandue wala kukwangua chochote kabla mtaalamu hajachukua sampuli.

Dada yenu, Leicester

---

Naunga mkono, na nyongeza yangu ni ya jiko lenyewe. Mkienda kwenye jiko la indaksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, sufuria zetu za alumini hazitapata moto. Jaribuni kwa sumaku: isiposhika chini, sufuria hiyo haifai. Jiko hilo pia linahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme. Mkibaki na gesi, anayeiunganisha awe kwenye Gas Safe, orodha ya mafundi wa gesi walioidhinishwa, na mwombeni kadi yake muione.

Feni ya kuvuta moshi juu ya jiko ndiyo watu wanayoibania fedha. Nyingi zinapitisha hewa kwenye kichujio cha mkaa na kuirudisha ndani, na harufu ya samaki inalala na ninyi. Chagueni inayotoa hewa nje kwa bomba fupi lililonyooka.

Kaka yenu, Birmingham

---

Asanteni sana, wote wawili. Jana usiku nilipitisha sumaku kwenye sufuria zote, imeshika mbili tu, na ile kubwa ya mama haimo. Tunabaki na gesi. Mume wangu ameisoma habari ya wale mafundi mara mbili, sasa tunatafuta graniti ya kijivu. Sakafu hatuigusi. Mtu wa sampuli anakuja Alhamisi, nitawaandikia majibu yakitoka.

Mdogo wenu, Reading